Zako Tia Maji: Maoni Yangu Kuhusu Kunyoa Kipara

Methali ya “ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji” tumeizoea kama onyo, na kwa mazoea hayo hatuisikii tena kama maelekezo ya kazi. Nashuku kwamba aliyeitunga alikuwa amekaa chini ya wembe mara nyingi, kwa sababu maneno yake matatu ya mwisho ndiyo yanayotenganisha kichwa laini na kichwa chenye vipele. Watu wanaolalamika kwamba wembe umewachuna hubadilisha wembe, kisha krimu, kisha kinyozi, ilhali kosa lilikwisha kutendeka kabla chuma hakijagusa ngozi: nywele zilikuwa kavu.

Unywele mkavu ni mgumu kuliko unavyoonekana. Ukipata maji hufyonza, hufura na kulainika, lakini kazi hiyo haikamiliki kwa kunyunyiza matone machache na kuanza. Inahitaji dakika 2 au 3 za maji ya uvuguvugu. Ndiyo maana mimi hunyoa baada ya kuoga, si kabla, na iwapo nywele zimepita urefu wa siku tatu au nne huzipunguza kwanza kwa mashine isiyofungwa kitana, kwa kuwa nywele ndefu huziba wembe na kumlazimisha mtu kukandamiza mkono. Povu nalo lina kazi mbili: kuyashikilia maji yale yasikauke, na kuupa wembe utelezi. Sabuni ya kuogea hufanya ya kwanza kwa muda mfupi na ya pili vibaya. Jeli inayoonyesha ngozi chini yake ni nzuri kwa anayeanza, kwani humwezesha kuona chunusi au kovu kabla ya kulipitia.

Kidevu unakiona kwenye kioo, lakini sehemu kubwa ya kichwa chako hutaiona kamwe bila vioo viwili na shingo ya mbuni. Hapa jicho halisaidii. Kinachosaidia ni kiganja. Kabla ya kupaka povu, pitisha vidole kichwani pole pole kwa kila upande: pale vinapoteleza unakwenda na nywele, na pale vinapokwaruzwa unakwenda kinyume nazo. Utagundua kwamba utosini nywele huota kwa kuzunguka, hivyo mkupuo mmoja ulionyooka huwa sahihi mwanzoni na makosa mwishoni, na kwamba kisogoni nyingine hulala kando au hata huelekea juu, wakati mwingine upande wa kushoto tofauti na wa kulia. Mimi nilinyoa kwa zaidi ya mwaka nikidhani nywele zote huelekea chini kama mvua. Vipele vya shingoni vilipoisha baada ya kubadilisha mwelekeo wa mkono, nilijionea haya.

Baada ya hapo kazi yenyewe ni ya utulivu zaidi kuliko ya ufundi. Anza pembeni, ambako kwa kawaida nywele ni nyepesi, na uache utosi na kisogo mwisho ili povu liendelee kuvilainisha. Mikupuo iwe mifupi, wembe usukumwe na uzito wake wenyewe, na usuuzwe kila baada ya mikupuo miwili mitatu. Ukifika kisogoni inamisha kidevu hadi kifuani, maana mtu anayeinua uso hukunja ngozi ya shingo na wembe hukata mikunjo. Sikio likunje mbele kwa mkono wa pili ili nyuma yake pawe tambarare. Awamu ya kwanza nenda na nywele. Kisha paka povu upya, bila uvivu, halafu pita kwa kukatiza kando.

Ninaposhauri kuishia hapo, wengi huona nimewakatiza utamu. Wanataka awamu ya tatu, ya kinyume kabisa na nywele, ngozi ikiwa imevutwa kwa nguvu, mpaka kichwa king’ae kama yai. Sikatai kwamba matokeo yake hupendeza usiku ule. Lakini kwa mwenye nywele za kipilipili au za mawimbi, unywele uliovutwa na kukatwa chini ya usawa wa ngozi hubaki na ncha kali iliyopinda. Unapoota, ncha hiyo hujichoma ndani ya ngozi, na mwili huikabili kama unavyoukabili mwiba, kwa uvimbe, muwasho na pengine usaha. Kisogoni hali hiyo ikirudiwa inaweza kuchangia vinundu vigumu vinavyoacha makovu yasiyoota nywele tena, na aliyefikia hapo anahitaji daktari wa ngozi, si wembe mwingine. Sasa tupige hesabu. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, yaani kama theluthi ya milimita kwa siku. Ulaini wote wa ziada unaoletwa na awamu ya tatu hufutika kabla ya kesho yake jioni, ilhali kipele kimoja huweza kukaa wiki nzima. Biashara gani hiyo?

Kwa sababu hiyohiyo siwaamini sana wanaosifia wembe wenye makali matano. Makali mengi yaliyopangwa pamoja hufanya yaleyale ninayoyakwepa: la mbele huuvuta unywele na la nyuma huukata chini zaidi. Wembe wa kishikio wenye kali moja, wa aina ambayo King Camp Gillette aliipatia hataza Marekani mwaka 1904, ukiushika kwa mlalo wa nyuzi 30 hivi na ngozi, unatosha kabisa, ingawa unadai mkono usio na haraka.

Zaidi ya idadi ya makali ni ubutu wake. Chuma cha wembe ni kigumu mara 50 hivi kuliko unywele, na bado unywele hukishinda. Watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walionyesha mwaka 2020 kwamba unywele unaopinda wakati wa kukatwa unaweza kumegua ukingo wa wembe mahali penye udhaifu. Kichwa kina eneo kubwa kuliko kidevu, basi wembe uliozoea kukaa wiki mbili kwenye ndevu hautadumu hivyo utosini. Mimi huutupa baada ya kunyoa mara tatu au nne. Kuazimana wembe ni jambo ambalo halina mjadala kwangu, kwani kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kwa kinyozi, wembe mpya ufunguliwe ukiwa unaona.

Ukimaliza, suuza kwa maji ya baridi na ukaushe kwa kugusisha taulo, si kwa kusugua. Palipokatika kidogo, jiwe la shabu lililoloweshwa huzuia damu vizuri. Spiriti ninaikataa: ule mwako ambao watu huuona kama dalili ya usafi ni ngozi iliyochunwa inayolalamika, na losheni isiyo na manukato huihudumia vizuri zaidi. Ukitoka mchana, paka dawa ya kukinga jua, hasa kama kichwa chako hakijazoea kuwa wazi.

Mwisho wa yote huchukua kipande cha pamba kavu na kukipitisha kichwani kwa wepesi. Kinaponasa, pana nywele zilizobaki. Hupaka povu hapo tu na kupita mara moja, na kinaponasa tena mahali palepale, kwa kawaida juu ya sikio langu la kushoto, huviosha vyombo na kwenda kulala.