Wastani wa mapato ya viwandani Michigan unamhesabu nani?

Anayefikiria kwenda Michigan kufanya kazi ya kiwandani hukutana mapema na takwimu moja: wastani wa mapato ya wiki ya mfanyakazi wa viwanda katika jimbo hilo, unaotolewa kila mwezi na Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani. Wapo wanaouchukua kama ushahidi kwamba kiwanda bado kinalisha familia. Wapo wanaosema ni namba ya kupambia tu. Kwangu, wa kwanza wako sahihi kuhusu mfanyakazi mwenye ajira ya kudumu, na wa pili wako sahihi kuhusu mgeni anayeingia leo.

Wa kwanza wana hoja nzito. Septemba 2023 chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kiligomea Ford, General Motors na Stellantis kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakikuwahi kulifanya. Mikataba iliyopitishwa Novemba ilileta nyongeza ya asilimia 25 hadi 2028, 11 kati ya hizo papo hapo. Ilirudisha nyongeza inayofuata gharama za maisha, iliyosimamishwa 2009, na muda wa kufikia mshahara wa juu ukashuka kutoka miaka minane hadi mitatu. Hizo ni pesa halisi mifukoni mwa watu, na wastani ukipanda kwa sababu hiyo, unasema kweli.

Lakini hupanda kwa sababu nyingine pia. Namba hiyo ni malipo kabla ya makato, na ovataimu imo ndani. Tuseme mtu analipwa dola 30 kwa saa: kwa saa 40 anapata dola 1,200. Akifanya saa 50, zile kumi za ziada zinalipwa mara moja na nusu kwa sheria ya shirikisho ya 1938, yaani dola 45 kila moja, na wiki inaisha na dola 1,650. Kwenye takwimu, malipo yake kwa saa yamefika dola 33. Mwajiri hajapandisha kiwango hata senti moja. Mtu ameuza Jumamosi yake.

Kupunguza watu nako hupandisha wastani. Aprili 2020, mamilioni ya Wamarekani wa kipato cha chini walipopoteza kazi, wastani wa malipo kwa saa nchini ulipanda karibu asilimia tano ndani ya mwezi mmoja, kwa kuwa waliobaki kwenye hesabu ndio waliokuwa wakilipwa vizuri.

Linalonikera zaidi ni la mawakala wa ajira. Chukua Grand Rapids, magharibi mwa jimbo, ambako Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili wamepata makazi na viwanda vimewaajiri. Watu wawili wanaweza kusimama kwenye laini moja, shifti moja, wakifunga skrubu zilezile. Mmoja analipwa na kiwanda, mwingine na wakala. Wa kwanza anaingia kwenye wastani wa viwanda. Wa pili anahesabiwa katika sekta ya huduma za ajira, kana kwamba hajawahi kugusa mashine, na mara nyingi ndiye mwenye malipo madogo na asiye na bima ya afya ya kiwanda.

Wanatakwimu wana utetezi, na ninaukubali: utafiti unamuuliza mwajiri juu ya watu anaowalipa yeye, na mtu mmoja asihesabiwe mara mbili. Tena ni kipimo kizuri cha mwelekeo. Saa za wiki viwandani zikianza kupungua, mara nyingi hiyo ni dalili ya mapema kwamba kupunguzwa kazi kunakuja, maana kiwanda hukata ovataimu kabla hakijakata watu.

Tatizo ni kuitumia kumwahidi mtu maisha. Ningetaka kila mwezi, kando ya wastani huo, yachapishwe malipo ya wafanyakazi wa mawakala walioko viwandani humohumo. Kwa sasa, ndugu anayepigiwa simu kwamba kazi ipo aulize kwanza hundi itatoka kwa nani, malipo ya kuanzia ni kiasi gani kwa saa 40 bila ovataimu, na walioingia kupitia wakala mwaka jana, wangapi wameajiriwa na kiwanda chenyewe.