Mkanda wa taiming, kutoka Somanga hadi Sheffield

Huu ni mwezi wa tatu tangu ninunue Mazda MX-5 ya mwaka 2004: injini ya 1.8, gia sita za mkono, viti viwili, turubai jeusi juu. Nililipa pauni 2,100 kwa mzee mmoja wa pembezoni mwa Sheffield, Uingereza. Magoti yake yalikuwa yameanza kugoma kuingia na kutoka kwenye kiti kilichokaa chini namna ile.

Nyumbani Mtwara kila niliyempigia aliuliza swali moja kabla ya jingine lolote: linabeba wangapi? Nikisema wawili, simu inakuwa kimya kidogo. Nawaelewa. Kwetu gari hupimwa kwa watu na magunia, na mimi mwenyewe nimekulia nyuma ya pikapu iliyokuwa ikisomba korosho kutoka Tandahimba. Lakini leo sitaki kuzungumzia viti. Kuna jambo limekuwa likinikera tangu wiki niliyolinunua, na bila gari hili nisingeliona vizuri.

Kwanza niseme raha yake, maana ni ya kweli. Gari hili si la kasi sana. Nguvu zake ni farasi 146, na siku hizi gari la kawaida la familia linaweza kulipita. Ila lina uzito wa takriban tani moja tu, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mazda walianza kulionyesha mwaka 1989, likaundwa Hiroshima, na ilipofika Aprili 2016 walikuwa wametoa la milioni moja. Waliolibuni wana msemo wao wa Kijapani, jinba ittai, yaani farasi na mpandaji kuwa mwili mmoja. Nilidhani ni maneno ya tangazo mpaka Jumapili moja asubuhi nilipolipandisha Snake Pass, ile barabara ya milimani kati ya Sheffield na Glossop. Nilifungua turubai, vibanio viwili tu na mkono mmoja kulirudisha nyuma, nikaenda maili 40 kwa saa, kama kilomita 64. Usukani ulikuwa unanipa habari ya kila kitu: hapa kokoto, hapa majani mabichi, hapa lami imetiwa kiraka. Gia inaingia kwa kifundo cha mkono, bega halisogei. Umekaa chini kiasi kwamba lori likikupita unatazamana na nati za gurudumu lake.

Nilikumbuka barabara ya Mikindani, ile kona ambapo mibuyu inaachana na ghuba inajitokeza yote kwa mara moja. Nilikumbuka pia mlima wa kupanda Newala ukitokea Masasi. Vijana wa kwetu wakisikia gari la michezo wanafikiria kilomita 180 kwa saa, na wengi tumewazika kwa sababu hiyo. Ningependa siku moja waonje hii nyingine, ya kona moja iliyochukuliwa vizuri kwa mwendo wa baiskeli ya mteremkoni.

Sasa nije kwenye hilo linalonikera.

Huku gari likishatimiza miaka mitatu lazima likaguliwe kila mwaka, na ukaguzi huo unaitwa MOT. Matokeo hayafungiwi kabatini. Ukiwa na namba ya gari tu, unaingia kwenye tovuti ya serikali bila kulipa chochote, unasoma mwaka gani lilipita, mwaka gani lilishindwa na kwa sababu gani, mkaguzi alitahadharisha nini, na odomita ilisoma ngapi siku hiyo. Kumbukumbu zinarudi nyuma hadi 2005. Usiku mmoja kabla ya kwenda kuliona gari, nilikaa kitandani na simu nikasoma maisha yake yote. Mwaka 2019 mkaguzi aliandika kutu chini ya mlango wa kushoto, karibu na tairi la nyuma. Mwaka 2021 lilishindwa kwa kutu hiyohiyo, na wiki moja baadaye likapita baada ya kuchomelewa. Kuna mwaka lilitembea maili 900 tu. Nilipokutana na mzee nikamuuliza. Alinyamaza, kisha akasema ndio mwaka aliokuwa akimuuguza mkewe.

Na kwenye kijitabu cha huduma, kilichochakaa pembeni kwa mafuta ya mikono ya watu, kulikuwa na muhuri: mkanda wa taiming, ule wa mpira unaozungusha valvu za injini kwa wakati wake, umebadilishwa, maili 58,000, mwaka 2015. Siku naliona lilikuwa na maili 81,000. Mtengenezaji anataka mkanda ubadilishwe kila maili 60,000, kwa hiyo kwa mwendo ulikuwa bado, ila mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Niliubadilisha pamoja na pampu ya maji, pauni 380, nikaweka risiti kwenye kijitabu kilekile kwa ajili ya atakayekuja baada yangu.

Mkanda huo ndio ulionirudisha Somanga.

Mwaka juzi shemeji yangu, mume wa dada, aliuza korosho zake akanunua Noah ya mkononi, zile za zamani zenye mkanda. Rangi inang'aa, tairi zimepakwa weusi, injini imeoshwa mpaka unaweza kulia chakula juu yake. Odomita ilisoma kilomita 76,000. Muuzaji akaapa. Shemeji naye akampeleka fundi, fundi akasikiliza injini, akatazama moshi, akavuta kijiti cha oili, akasema nzima. Na kweli ilikuwa nzima siku ile. Miezi minne baadaye, usiku, wakiwa njiani kwenda Dar na dada yangu na watoto wawili na jirani aliyekuwa akipelekwa kliniki, gari likazima ghafla baada ya Nangurukuru, kabla hawajafika Somanga. Mvua inanyesha. Walilala mle ndani. Asubuhi fundi alikuja kwa bodaboda, akafungua, akautoa mkanda: meno yamenyolewa, mpira umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Akauliza, mkanda huu ulibadilishwa lini? Hakuna aliyejua. Hakuna aliyeweza kujua. Gari lile lilitoka Japani likiwa na karatasi zake, na mahali fulani kati ya bandari na yadi, karatasi zikapotea.

Nampenda shemeji yangu na najua alifanya kila alichoweza. Alitumia macho yake, masikio ya fundi na kiapo cha muuzaji, kwa sababu hivyo ndivyo vitu pekee alivyopewa. Kadi ya gari inamtaja mwenye gari. Stika ya kiooni inasema limekaguliwa. Hakuna mahali panapomwambia mnunuzi mkanda una umri gani. Hilo ndilo linaloniuma ninaposoma MOT ya kagari ka starehe ka viti viwili: kagari haka kanajulikana historia yake kuliko Noah iliyobeba wapwa zangu.

Sisemi kwamba waongo wote wako kwetu. Huku nako wapo, na wanavaa vizuri. Ila uongo wa muuzaji wa huku unakutana na maandishi ambayo mtu mwingine ameyaweka miaka kumi iliyopita bila kujua kama kuna siku mimi nitayasoma.

Halafu wiki ya pili nikaonyeshwa upande wa pili wa jambo hili.

Mlio ulianza nyuma kulia. Ko-ko, ko-ko, kila nikipita shimo dogo. Nikalipeleka kwenye gereji moja safi yenye sakafu iliyopakwa rangi. Likapandishwa juu dakika kumi, nikaletewa karatasi iliyochapwa: shokapu zote nne, pauni 740. Theluthi ya bei ya gari. Nikaomba muda wa kufikiri, nikampigia mjomba wangu.

Mjomba ana gereji chini ya mwembe, Magomeni ya Mtwara, zaidi ya miaka thelathini sasa. Nikampa shikamoo, nikaanza kumweleza habari ya karatasi. Akanikatiza.

"Njomba, usinitajie bei. Nisikilizishe."

Nikamweka kwenye buti, simu imezungushiwa sweta isirukeruke, nikaenda kwenye mtaa wenye matuta. Akasema nipite juu ya tuta kwa tairi zote mbili, polepole. Kimya. Akasema nirudi, sasa nipandishe tairi la kulia peke yake. Ko-ko.

"Umesikia? Shokapu ingelia kote kuwili. Tairi zikipanda pamoja, stebilaiza, ile fimbo ya chuma inayounga kushoto na kulia, inalala tu, haina kazi. Likipanda moja ndiyo inavutwa. Kamata kile kimkono kinachoiunga na mkono wa gurudumu, kitikise. Utakikuta kinacheza."

Nikaingia chini na tochi. Kinacheza. Kipuri chenyewe pauni 18, nati mbili, spana namba 14, na saa nzima ya kubembeleza kutu pembeni ya barabara. Mlio umekwisha hadi leo. Mtu aliye kilomita elfu kadhaa, ambaye hajawahi kuligusa gari la aina hii, amelijua kwa sikio kuliko waliolipandisha juu wakalitazama kwa macho yao.

Nimefikiria sana kwa nini iko hivi. Huku saa moja ya fundi ni ghali kuliko kipuri, basi anayefungua na kutafuta sehemu moja iliyolegea anapoteza muda wa mwajiri wake. Bora abadilishe kundi zima na amalize. Kwa mjomba mambo ni kinyume. Kipuri kinatoka Kariakoo, kinapanda basi, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara pale Somanga hakikupanda hata hilo basi. Fundi wa Kusini akikosea, mteja amekaa siku nne bila gari na kipuri kisicho chake mkononi. Kwa hiyo amejifunza kutokosea. Ujuzi ule umejengwa na umbali na shida, na nikisikia mtu wa kwetu aliyekaa huku miaka miwili anawaita mafundi wetu wababaishaji, damu inachemka. Tuna watu wanaosikia gari. Tulichokosa ni kuandika walichosikia.

Kutu nayo nimeigusa. Huku majira ya baridi malori yanamwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula magari kama upepo wa bahari unavyokula yale ya Shangani, kwetu Mtwara. MX-5 ina udhaifu wake zaidi ya hapo: maji ya turubai hushuka kwa vitundu viwili nyuma ya viti, vitundu vikiziba, maji yanaingia kwenye bodi ya chini ya milango na kuiozesha kutokea ndani. Kwa sababu nilisoma ile tahadhari ya 2019, nilijua nianze kushoto. Nikapitisha waya laini wa plastiki, nikausukuma taratibu, mara likatoka donge jeusi la majani yaliyooza, na maji yakamwagika chini ya gari karibu lita nzima. Upande wa kulia ulikuwa safi.

Utalileta lini? Naulizwa kila wiki. Sitalileta. Ushuru wa forodha asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, na kwa kuwa limepita miaka 10, tozo ya uchakavu asilimia 30. Na tumbo lake lingebaki kwenye tuta la kwanza.

Nilichotuma ni pesa ya kaunta buku mbili. Nilimwomba mjomba kila gari linaloingia chini ya mwembe aandike namba yake, tarehe, kilomita, kilichoonekana na kilichofanyika, kisha atie sahihi. Akaniuliza, "Njomba, nani atayasoma?" Nikamwambia atakayelinunua. Akanyamaza, halafu akauliza kama aandike kwa kalamu ya wino au ya risasi.

Gari la tatu kuandikwa lilikuwa IST, gia inachelewa kuingia, oili ya giaboksi imekuwa nyeusi. Wiki mbili baadaye mwenyewe alirudi, amepata mteja wa kumuuzia, akaomba ukurasa wake uchanwe. Mjomba akamwambia hawezi, nyuma ya ukurasa huo kuna gari la mtu mwingine. Yule bwana akaondoka na sidhani atarudi pale, na kwa mzee anayekula kwa kazi ya mikono, mteja mmoja si kitu kidogo. Nilimpigia kumpa pole. Akasema tuache hayo, nimwambie ule mlio wa nyuma kama umerudi.

Jumamosi alinitumia picha ya ukurasa wa kumi na moja. Ni Noah ya shemeji. Kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto: mkanda umekaguliwa, mzima, na chini yake kilomita za siku ile na kilomita za kuubadilisha tena, amezipigia mstari mara mbili.