Ile Video ya Lake Fork: Nami Nisikizwe

Najua mshaiona. Lakini kabla hamjaituma tena kwenye grupu la Wakenya wa Dallas, nami nisikizwe, maana yule jamaa wa Nyeri niliyekwenda naye kuvua Lake Fork, ziwa la huku Texas, ameikata mwanzo.

Baridi ilishuka usiku kutoka kaskazini. Asubuhi mbingu buluu, wingu hata la dawa hakuna, na upepo wa kung'oa masikio. Wavuvi wa Texas watakwambia siku kama hiyo besi, yule samaki wa maji baridi wanayemwinda wao, hujibana chini kwenye visiki, hana hamu ya kula. Mpelekee chambo kidogo, tena polepole. Jamaa akatoa kimnyoo chake cha plastiki. Mimi mtoto wa Likoni nifundishwe kuvua na mtu aliyeiona bahari kwa safari ya shule? Nikafunga lile samaki bandia kubwa lenye ndoano za meno matatu mbele na nyuma, huku namsimulia rekodi ya besi ya Texas iliyotoka ziwa hilohilo mwaka 1992, kilo 8 na ushei.

Nikapeleka fimbo nyuma, nikarusha. Upepo ukaudaka mshipi, ukautandaza juu ya maji kama kamba ya kuanikia nguo. Chambo sikukiona kikianguka. Macho yalijaa machozi ya baridi (msicheke bado). Nikakunja. Mara, zito!

"Mkubwa huyo!"

Nikiinua fimbo, inapinda. Nikiishusha, analegea. Anachoka, nikajua. Kila nikivuta, suruali nayo inapanda, inanibana; nikadhani ndiyo presha ya samaki mkubwa. Jamaa kimya, simu mkononi. Nikaona kheri, ushindi unarekodiwa. Wazee wawili wa Kizungu kwenye boti ya jirani wakazima injini. Mmoja akainua wavu wake kunisaidia.

Nikapanua miguu. Nikasema bismillah. Nikavuta kwa nguvu za ukoo mzima.

Kraaa!

Upepo wa Canada ukaingia pasipowahi kuingia upepo.

Ndoano zilikuwa nyuma ya suruali yangu tangu niliporusha. Mshipi ukakatwa, nikajifunga sweta kiunoni, tukarudi. Jamaa kapata besi mmoja, kwenye kisiki, kwa kile kimnyoo.

Mnaouliza: ngozi iko salama. Anayeuliza bukta ile nilinunua wapi, natoka kwenye grupu. Na wewe uliyeiwekea taarabu, nakujua, na harusi ya mwanao sikanyagi.