Tuzipe mashua zetu siku yao

Tangu 1979, kila mwaka, bandari ndogo ya Kinvara magharibi mwa Ireland hujaa mashua za mbao zenye matanga ya rangi ya kahawia. Usidhani ni mashua za starehe. Zilijengwa kubeba mboji kavu ya kuwashia moto, zikiivusha Ghuba ya Galway kuipeleka kusikokuwa na kuni. Malori yalipokuja zikakosa kazi, na nyingi zikaachwa zioze. Waliozipenda hawakuomba zijengewe nyumba ya makumbusho. Waliziwekea siku yao, na hadi leo mboji hupakiwa mle ndani na safari kurudiwa. Huko Uingereza mashua za mizigo za mto Thames zilianza kushindanishwa mwaka 1863, zikiwa bado kazini. Na hapa jirani, Lamu, majahazi hushindana watu wamefurika ukingoni, na nahodha akishinda, mji mzima unamjua.

Sasa sisi wa Uganda, tuliozungukwa na maziwa kila upande, tuna nini?

Najua utanijibu: mbio za mitumbwi za Buganda. Nazipenda, na ni jambo jema kwamba ufalme umezidumisha. Lakini pale macho yote yako kwa wapiga makasia. Nani aliujenga ule mtumbwi, kwa mbao gani, na siku za kawaida vyombo vya namna ile hubeba nini, hakuna anayeuliza. Mimi nataka siku ya vyombo vya kazi, vije na mizigo yao, vikinuka mukene, yaani dagaa wetu, na mafuta.

Maana historia ipo, tena ya kutosha. Mpelelezi Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1875 alikuta mamia ya mitumbwi ya vita chini ya Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mamba na amiri wa ziwa. Ile mitumbwi ya visiwa vya Ssese haikuwa magogo yaliyochimbwa. Mkuku wake ulikuwa mti mmoja mrefu uliochomoza mbele kama pua, na juu yake mbao zilishonwa kwa nyuzi za mimea, bila msumari hata mmoja. Yaani mshono ulewule wa mtepe, chombo cha kale cha Lamu, ila huku kwetu ulitumika kwenye maji yasiyo na chumvi, mamia ya kilomita kutoka pwani. Mtepe unasifiwa vitabuni. Mtumbwi wa Ssese watoto wetu wanauona wapi?

Kisha zikaja meli za chuma. Ya kwanza ziwani Victoria, William Mackinnon, ilitoka Uingereza vipande vipande, vikabebwa kutoka Mombasa, vingine vichwani mwa wapagazi, na ilichukua miaka hadi ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, mizigo ya Uganda ikawa inashuka kwenye behewa na kupanda meli. Baadaye Jinja ikapata reli yake fupi hadi Namasagali, na hapo pamba ya Busoga na ya ng'ambo ya Ziwa Kyoga ikapata njia. Ukitaka kwenda mbali zaidi, ulivuka Kyoga hadi Masindi Port, ukapanda gari hadi Butiaba, ukaingia Ziwa Albert, na mto ukakuchukua kuelekea Sudan. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maziwa yalijaa kupita kiasi, gati zikamezwa, njia yote ile ikafa. Namasagali ikageuka shule.

Butiaba ndiyo inayoniuma. Robert Coryndon, meli ya abiria iliyounganishwa pale pale ufukweni mwaka 1930, ilizama bandarini kipindi kile cha mafuriko. Ikabaki imelala miongo kadhaa, mbavu nje, hadi chuma chake kikakatwa na kwenda na watu wa chuma chakavu. Wageni wanaoijua Butiaba huijua kwa sababu ya Hemingway, mwandishi Mmarekani aliyeanguka na ndege karibu na maporomoko ya Murchison mwaka 1954, akaokolewa na boti hadi Butiaba, akapanda ndege nyingine, nayo ikaanguka! Hadithi nzuri, sikatai. Lakini makuli waliopakia pamba pale hawana hata kibao.

Linganisha na meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa kusudi na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na imebeba watu na dagaa hadi karne hii. Iliendelea kuishi kwa kuwa kulikuwa na abiria wanaoisubiri.

Basi kwa vyombo vya mbao hatujachelewa. Nenda Masese, nje kidogo ya Jinja, ukamtazame fundi akikalafati. Anasokota pamba kwa vidole, anaisindika katikati ya mbao mbili kwa patasi butu, anagonga taratibu huku sikio limeinama. Sauti ikibadilika anaacha. Akizidisha, mbao zinaachana. Juu yake anapigilia ukanda wa bati. Nilimuuliza mzee mmoja pale ni mbao gani hiyo.

"Mkaratusi, binti yangu. Mvule nitautoa wapi siku hizi?"

"Na unadumu, mzee?"

"Unadumu kiasi cha deni la mwenye boti."

Akacheka, akarudi kwenye patasi yake. Wanafunzi wake wawili walikuwa kwenye simu.

Kuna watakaosema haya ni mapenzi ya mambo ya kikoloni. Kwa meli za chuma wana hoja, kwani zilikuja kuchukua pamba. Lakini waliozipakia na kutia kuni tanurini ni babu zetu, na Kiswahili cha Port Bell, bandari ya Kampala, kilikolea kwenye gati hizo. Wengine watasema boti za mbao zinaua watu. Kweli, kila mwaka tunazika. Ila boti inayojua itakaguliwa na mafundi wa mialo kumi ya wavuvi, wote wenye midomo, haiji na ngama imejaa maji. Aibu mbele ya wenzako inafanya kazi ambayo faini haijaweza.

Tena muda unatubana. Tangu msako wa uvuvi haramu ulipopamba moto mwaka 2017, boti fupi chini ya futi 28 zimechomwa kwa wingi. Sitetei uvuvi wa samaki wachanga, ila hapakuwa na aliyechagua hata moja iliyoundwa vizuri na kusema hii tuiweke.

Pa kufanyia? Port Bell hapafai, pana shughuli nyingi mno tangu meli ya Umoja ya Mwanza ianze kuonekana tena mwaka 2018. Napendekeza Masese, au Nakiwogo pale Entebbe, ambapo meli ya MV Kalangala huondokea kwenda kisiwa cha Bugala na abiria watajaa wenyewe. Kila boti ije na mzigo wake halisi: matoke, mkaa, mukene, kreti za soda. Mshindi apatikane kwa kufika mzigo ukiwa mkavu. Na fundi aliyeijenga atajwe kwenye kipaza sauti kabla ya mwenye boti. Kuhusu injini najua tutagombana. Mimi nasema injini ziruhusiwe hadi mita 200 za mwisho, hapo zizimwe, tuone nani bado anajua kasia.