Michael Sheen si mwiga sauti

Mtaje Michael Sheen kwa wapenzi wa filamu, wengi watakwambia: yule mwigizaji aliyemwigiza Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza. Kweli, alimwigiza mara tatu, kati ya 2003 na 2010. Akaja mtangazaji wa runinga David Frost, akaja kocha wa soka Brian Clough, na basi watu wakamhesabu fundi wa kuiga sauti za wakubwa.

Sikubali. Mtazame tena akiwa Frost, nafasi aliyoanza nayo jukwaani London mwaka 2006. Tabasamu ni la mtangazaji anayejua kamera iko wapi, ila macho yanahaha kwa sababu Nixon, rais wa zamani wa Marekani anayemhoji, anamzidi maarifa. Kuiga hakukupi macho yale.

Hata hivyo, kazi yake ninayoiweka juu ya zote haikuhitaji runinga. Pasaka ya 2011 alirudi Port Talbot, mji wa kiwanda cha chuma kusini mwa Wales alikokulia, akaigiza mateso ya Kristo mitaani kwa siku tatu. Wenyeji zaidi ya 1,000 walishiriki. Msalaba ulisimikwa kwenye kipilefti karibu na bahari, naye akiwa juu yake akaanza kupaza sauti akitaja anayoyakumbuka ya mji ule, mahali palipotoweka na watu waliokwenda. Huo ni mji ambao barabara kuu ya M4 ilipopitishwa, nyumba za watu zilibomolewa. Sasa waza umesimama pale, umsikie mtu akiyataja hayo.

Baada ya hapo mengine yalifuata: mwaka 2019 aliuza nyumba zake ili mashindano ya soka ya watu wasio na makazi yafanyike Cardiff, na baadaye akatumia pauni 100,000 zake kununua kwa bei ya chini madeni ya pauni milioni 1 ya watu wapatao 900, akayafuta. Mitandaoni wakamfanya mtakatifu. Sawa, apewe heshima yake, lakini utakatifu huo unafunika usanii wake.

Mwaka 2024 alimwigiza jukwaani Aneurin Bevan, mwasisi wa huduma ya afya ya umma Uingereza, akiwa mgonjwa hospitalini, ndani ya pajama karibu mchezo mzima, na bado ukaamini kwamba mgonjwa yule aliwahi kulitikisa bunge. Sasa ameanzisha kampuni mpya ya taifa ya maigizo ya Wales, baada ya ile ya awali kukatiwa ruzuku. Naogopa vikao na bajeti vitamla muda. Wahasibu wapo wengi. Wa kuvaa pajama ile ni yeye.