Hakuna Matata, Mickey Mouse na Lamu Iliyoko Florida

Mwishoni mwa 2018 simu zetu zilijaa hasira. Ukifungua WhatsApp au ukipita Twitter, habari ilikuwa ile ile: Disney, kampuni ya filamu ya Marekani, wameiba Kiswahili. Mwanaharakati wa Zimbabwe, Shelton Mpala, alikuwa ameanza kukusanya saini mtandaoni akiitaka kampuni hiyo iachie alama ya biashara ya "Hakuna Matata", na watu zaidi ya laki moja wakatia saini. Kumbe Disney waliomba usajili huo Marekani tangu 1994, mwaka ilipotoka filamu yao ya katuni The Lion King yenye wimbo wa jina hilo, na wakaupata 2003. Tulichelewa kukasirika miaka kumi na mitano.

Hasira ile naielewa, lakini naona ilipiga pembeni. Alama ya biashara haimpi mtu umiliki wa neno. Kilichosajiliwa ni matumizi ya maneno yale kama chapa ya nguo, tena ndani ya Marekani. Ukimwambia jirani yako hakuna matata, hudaiwi na mtu. Nenda Darajani au Gizenga pale Unguja ujionee: fulana za "Hakuna Matata" zimetundikwa mlangoni mpaka zinakugusa kichwa, za watoto na za wanene, jua limezipausha mabegani. Mwenye duka anataja bei, mgeni anataja nusu yake, wanakutana katikati. Sijasikia hata mmoja aliyeletewa barua na mwanasheria wa California.

Halafu tuulizane: nani kati yetu anasema hakuna matata? Dar ukinisalimia nitakujibu poa, freshi, hamna shida. Maneno yale yalishakuwa ya kuwachangamkia wageni kabla Disney hawajafika. Them Mushrooms wa Mombasa waliyaimba 1982 kwenye Jambo Bwana, wimbo wa kuwakaribisha watalii, na kundi la Boney M kutoka Ulaya likatoka na toleo lake mwaka uliofuata. Disney hawakuchota kisimani. Walichota kwenye ndoo tuliyokuwa tumewawekea wageni mlangoni.

Hata hivyo, waliotia saini hawakukurupuka. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kama chapa yake kule. Lingepita, mfanyabiashara wa Kenya angeuza kikoi London bila ruhusa ya kukiita kikoi. Ombi lilipingwa na likafa, ila lilionyesha neno linafungwa wapi: soko lenye pesa liko kwao, na daftari la usajili liko kwao pia. Kijana wa Nairobi anayetaka kupeleka fulana zake New York hatafarijika ukimweleza kwamba Darajani wanauza bila bughudha.

Aliyeumia kweli ukimtafuta, utamkuta Johannesburg. Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa mfanyakazi kwenye kampuni ya kurekodi ya Gallo, alirekodi wimbo wa Mbube mwaka 1939 na wenzake. Haki aliziuza kwa shilingi kumi. Wimbo ukavuka bahari, ukavishwa maneno ya Kiingereza, ukawa The Lion Sleeps Tonight, na mwisho Timon na Pumbaa, wale nguchiro na ngiri wa katuni, wakauimba ndani ya The Lion King. Linda alikuwa ameshafariki 1962, maskini.

Namna binti zake walivyopambana ndiyo sehemu ninayoipenda. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyotumika ndani ya himaya yake, Afrika Kusini ikiwemo, ilisema miaka 25 baada ya mtunzi kufa haki zinarudi kwa warithi wake, hata kama aliziuza akiwa hai. Kwa hiyo tangu 1987 wimbo ulikuwa umerudi kwao bila wenyewe kujua. Tatizo likawa namna ya kuiburuza kampuni ya Marekani mahakamani Afrika Kusini. Mwaka 2004 wanasheria wao wakaomba mahakama ishikilie alama za biashara za Disney zilizosajiliwa nchini humo, zaidi ya mia mbili, wakiwemo Mickey Mouse na Donald Duck. Yaani Mickey alikamatwa kama ng'ombe wa mdaiwa. Disney walijitetea kwamba walipata leseni ya wimbo kwa njia halali kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikiusimamia, na utetezi huo haukuwa wa uongo. Februari 2006 kampuni hiyo ya muziki ikasuluhishana na familia, na mirabaha ikaanza kwenda kwa wenyewe.

Kwa hiyo alama ya biashara inaweza kumfunga hata mwenye nayo, mradi apatikane mtu wa kuisoma sheria mpaka mwisho.

Lakini kuna jambo ambalo halina mahakama. Florida, ndani ya bustani ya Animal Kingdom iliyofunguliwa 1998, kuna mji unaitwa Harambe, uliobuniwa kwa kuitazama Lamu. Kuta zimechubuliwa kwa makusudi zionekane zimekula chumvi ya bahari. Kuna alama za uhuru zenye mwaka 1961, ambao ni mwaka wa Tanganyika, hata kama mji wenyewe haupo kwenye ramani yoyote. Baa inaitwa Dawa. Kwenye hoteli ya jirani migahawa inaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Ni kazi ya mafundi, siwezi kuidharau. Kuna watoto wa Ohio waliojifunza neno "jambo" pale kabla ya kujua Kenya iko wapi. Na humo wanaajiriwa Waafrika halisi, wanaowaeleza wageni habari za kwao.

Kinachonikera ni filamu yenyewe. Ndani ya The Lion King hakuna binadamu hata mmoja. Kuna nyimbo za Kizulu, kuna majina ya Kiswahili, na wenye lugha hizo hawapo. Majina yanaonekana yalitafutwa na mtu aliyefungua kamusi: Simba, Rafiki, Sarabi. Fisi mmoja anaitwa Shenzi, tusi ambalo walowezi waliwatupia babu zetu mashambani na jikoni, na ambalo mpaka leo ukimwita mtu mnaweza kufikishana kwa balozi wa nyumba kumi. Kwa mtoto wa Marekani ni sauti tu ya kuchekesha. Bahati nzuri mtoto wa Kariakoo ukimtajia Simba anawaza mechi ya Jumamosi. Klabu ile iliacha jina la Sunderland ikachukua la Kiswahili 1971, miaka 23 kabla ya filamu.

Upande wa pili nao una hoja yake, na hoja hiyo ni chakula mezani. Mbugani ngiri akikatiza barabara mkia umesimama kama eriali, gari zima linapiga kelele "Pumbaa!" Dereva anapunguza mwendo, anazima injini, anawaacha wapige picha hadi waridhike. Anajua bakshishi ya siku hiyo imeshaanza kunona. Mwambie huyo kwamba filamu ile imemdhulumu, uone atakavyokutazama.

Mwaka 2023 Disney walitoa Kizazi Moto, filamu fupi kumi zilizotungwa na Waafrika wenyewe, wakiwemo wa Kenya na Uganda. Humo binadamu wapo, tena wana hasira, utani na mama wakali. Ningeitaja kama dalili kwamba kalamu imeanza kubadilisha mikono. Ila ilitoka kwenye Disney+, huduma yao ya kulipia filamu mtandaoni, ambayo wakati huo ilikuwa imefunguliwa Afrika Kusini na nchi za kaskazini kama Misri na Morocco. Kenya na Tanzania hatukuwemo. Filamu yenye jina la Kiswahili, na wenye Kiswahili hatukuwa na pa kuilipia. Mimi niliiona hata hivyo, na nikieleza nilivyoipata nitajitafutia kesi.