Ilani ya "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" haina nguvu kwa bidhaa mbovu

Jirani yangu ana mtoto aliyeanza kula. Aliagiza blenda ya kumsagia chakula kutoka duka la mtandaoni hapa Nairobi, akalipa kwa M-Pesa, na bodaboda akamletea hadi mlangoni. Wiki ya pili mota ikaanza kunuka moshi, kisha ikazima kabisa. Alipoliandikia duka, jibu lilirudi kwa lugha tamu: "Mpendwa mteja, muda wa kurudisha bidhaa ni siku saba. Tafadhali wasiliana na kampuni iliyotengeneza." Akakubali yaishe. Alinisimulia kama mtu aliyenyeshewa njiani, yaani jambo limetokea na hakuna wa kuulizwa.

Wa kuulizwa yupo. Ni aliyepokea pesa.

Tuanze na hizo siku saba. Hakuna sheria ya Kenya inayosema haki ya mnunuzi juu ya bidhaa mbovu hufa siku ya saba. Hiyo ni sera ambayo duka limejiandikia. Likisema utarudisha viatu ndani ya siku saba hata kama rangi tu ndiyo haikukupendeza, limefanya wema, na lina haki ya kuuwekea wema wake mpaka. Lakini blenda iliyoungua haihusiani na kubadili nia. Duka linachukua mpaka wa wema wake na kuupachika juu ya wajibu wake, na wateja wengi wanameza kwa sababu maneno yameandikwa kwenye tovuti na yana sura ya sheria.

Sheria yenyewe inasema nini? Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, ambayo mizizi yake ni sheria ya Kiingereza ya 1893, inasema katika kifungu cha 16 kwamba mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani kwa maelezo anaahidi, hata kama hakutamka, kwamba zina ubora unaofaa kuuzwa. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na hapa naomba usome polepole: sharti lolote linalojaribu kuifuta au kuipunguza ahadi hiyo ni batili. Haijalishi liko ndani ya mkataba au nje yake, limebandikwa ukutani kwa herufi nyekundu au ulilibofya bila kulisoma. Bidhaa ikiwa mbovu, ile ilani maarufu ya "hairudishwi" ni karatasi tu.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa mtandaoni hawaambiwi. Ile Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inampunguzia kinga mtu aliyeikagua bidhaa kabla ya kununua: kama kasoro ilikuwa ya kuonekana na ulikuwa na blenda mkononi pale Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, ukaigeuza, ukaijaribu, ukalipa, muuzaji anaweza kusema uliiona. Aliyenunua kwa simu hakushika chochote. Alitazama picha na kusoma maelezo, basi. Kwa hiyo alinunua kwa maelezo, na bidhaa inapaswa kulingana na maelezo hayo. Tena hahesabiwi kuwa ameipokea kisheria, yaani ameikubali kuwa yake, mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Watu wengi huamini kwamba kununua mtandaoni ni kujitoa kwenye ulinzi wa sheria, "ulijua hatari yake". Ni kinyume. Anayeuza kitu asichokuonyesha anabeba mzigo mzito zaidi.

Na lile la "nenda kwa mtengenezaji"? Mtengenezaji hukufanya naye mapatano yoyote. Waranti yake, kama ipo, ni ulinzi wa ziada unaoweza kuutumia ukitaka. Haimwondolei muuzaji wajibu wake. Zaidi ya hapo, mtu wa kawaida anaandikia vipi kiwanda kilicho nchi ya mbali kuhusu blenda moja? Duka linajua hawezi, na ndiyo maana linamtuma huko.

Sasa jambo ambalo huwapotezea wengi muda. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa haisemi wazi kwamba utabadilishiwa bidhaa. Inachokupa ni haki ya kuikataa na kudai pesa zako, au, kama umeshahesabiwa kuwa umeipokea, kudai fidia. Kwa hiyo ukibishana wiki tatu kuhusu kubadilishiwa, duka litakuzungusha: stoki imeisha, fundi hajaangalia, msimamizi yuko likizo. Badilisha dai. Andika kwamba unaikataa bidhaa kwa sababu ni mbovu na unataka pesa zako. Andika, usipige simu tu. Na uandike mapema, kwa sababu ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema neno, sheria itakuhesabu umekipokea, na hapo utabaki na fidia tu. Acha kukitumia. Kirekodi video kikiwa kimegoma, hifadhi ujumbe wa malipo, na upige picha ya skrini ya lile tangazo kabla halijafutwa, maana hufutwa kweli. Nauli ya kukirudisha isikutishe: mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki hahitaji kuirudisha mwenyewe, isipokuwa mlikubaliana hivyo. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umeikataa, aje aichukue.

Akikaidi, kuna milango miwili. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, CAK, hupokea malalamiko ya watumiaji, na kumpotosha mteja kuhusu haki zake za waranti na marejesho ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010. Mlango wa pili ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021 na baadaye katika miji mingine. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Najua mtu atasema: niende kortini kwa sababu ya blenda? Nakuelewa. Lakini hesabu ya duka imejengwa juu ya swali hilo hilo. Mara nyingi barua moja inayotaja kifungu cha 16 na mahakama hiyo huleta majibu ambayo ujumbe wa kubembeleza hauleti.

Hata hivyo, siwezi kuwatupia wanunuzi mzigo wote. Sheria yetu inampa mnunuzi "muda wa kutosha" wa kuikataa bidhaa bila kutaja ni siku ngapi, na kazi ya kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwepo tangu mwanzo inabaki kwa mnunuzi. Uingereza, tulikoazima sheria ile ya 1893, imeshaondoka hapo. Tangu Oktoba 2015 mtumiaji kule ana siku 30 za kukataa bidhaa mbovu na kurudishiwa pesa zote. Siku hizo zikipita, ana haki ya kutengenezewa au kubadilishiwa, na hilo likishindikana mara moja anaweza kudai pesa. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, huhesabiwa ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Sisi tumebaki na nakala ya sheria ambayo mwenyewe ameiboresha. Bunge letu liandike siku, liandike haki ya kubadilishiwa, na limwekee muuzaji kazi ya kuthibitisha. Jirani yangu hana maabara ya kuonyesha kwa nini mota iliungua.

Kuna wauzaji wadogo, wa Instagram na WhatsApp, watakaosema haya yatawaua, kwa sababu wao wenyewe huchukua mzigo kwa wauzaji wa jumla wasiopokea chochote kikirudi. Malalamiko yao nayachukulia kwa uzito. Lakini kifungu cha 16 hakichagui ukubwa wa duka. Mwenye Instagram aliyeuziwa katoni ya blenda mbovu ana haki ile ile kwa aliyemuuzia, na huyo naye kwa mwagizaji aliyezishusha bandarini. Akimlipa jirani yangu kisha akamdai wa jumla, hasara itapanda ngazi mpaka imfikie aliyeamua kuleta mota hafifu nchini. Akikataa, inaishia jikoni kwa mama mwenye mtoto, na aliyeileta anaagiza kontena jingine la mota zile zile.